Usimpigie Mkwara Asiyetupa Kadi

Vijana wanaocheza poka kwa simu wameshikwa na imani moja: kwamba mkwara ni kipimo cha roho. Mwenye roho ngumu anasukuma pesa yote katikati akiwa hana kitu, mwenzake anatetemeka na kutupa kadi, yeye anavuta pesa na kucheka. Mwoga ndiye anayengoja kadi nzuri, kama mzee anayengoja pensheni. Pitia grupu lolote la WhatsApp la wachezaji uone. Hakuna anayetuma picha ya mkono alioutupa kwa akili. Wanatuma mkwara uliopita. Ile mingine kumi iliyoshikwa haipigwi picha.

Imani hiyo ni upuzi, na kwenye Omaha ni upuzi wa bei ghali. Naandika kwa hasira kidogo kwa sababu naona wanaoulipia. Matajiri wa Karen hawamo. Ni jamaa wa boda aliyelala na elfu tatu akaamka na Fuliza imejaa. Ni mwalimu wa BOM ambaye mshahara ulikuja Ijumaa ukaisha Jumamosi. Ukimuuliza kilichotokea anakwambia, "Bana, nilipiga mkwara poa sana, lakini huyo msee ni mjinga, akanilipa." Sasa, kama uliye naye mezani ni mjinga anayelipa kila kitu, na ulijua, mkwara wako ulikuwa poa kivipi?

Tatizo linaanzia mbali. Ukitaja poka pale Kedowa, kwenye steji ya boda, barabara ile ya kutoka Mau Summit kwenda Kericho, mvua ya mchana ikinyesha na watu wamejibana chini ya mabati, hakuna anayefikiria Las Vegas. Wanafikiria kadi zetu: mbili na tatu za kuokotesha mwenzako, J ya kuruka, nane na Q za swali, esi ya kuzuia. Na kuna maneno ambayo lazima uyatamke kabla ya kumaliza: niko kadi. Ukijaribu kumaliza kimya kimya, unaadhibiwa. Kwa hiyo mchezo tuliolelewa nao unamlazimisha mtu atangaze ukweli wakati ule muhimu kuliko wote. Omaha haina sheria kama hiyo. Hakuna anayelazimika kusema yuko kadi, na anayesema huenda anadanganya. Kijana akitoka mchezo wa kwanza kuingia wa pili anaona uongo umeruhusiwa, basi anadhani kinachoruhusiwa kinapaswa kufanywa kila saa. Hapo ndipo anaanza kuliwa.

Kwa asiyeijua, Omaha iko hivi. Unapewa kadi nne za siri. Mezani zinafunuliwa kadi tano za wote: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya mwisho. Mkono wako ni kadi tano, na sheria haibembelezi: lazima utumie mbili zako na tatu za mezani, si zaidi, si pungufu. Kila hatua watu wanaweka pesa, na pesa iliyolundikana katikati ndiyo poti. Kwenye Omaha ya kikomo cha poti, huwezi kuweka zaidi ya kile kilichomo kwenye poti. Mchezo huu ulishika mizizi Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Turner alipoupeleka kwenye kasino ya Golden Nugget. Ndugu yake mkubwa, Hold'em, ana kadi mbili za siri badala ya nne, na ndiye wengi wanayemjua kutoka kwenye video.

Nne badala ya mbili, utasema, tofauti iko wapi? Mwenye kadi mbili ana namna moja tu ya kuchagua kadi mbili. Mwenye kadi nne ana namna sita. Ukikaa na wapinzani wanne, kuna namna 24 zinazokuwinda, ilhali kwenye Hold'em zingekuwa nne. Kwa hiyo ikianguka mezani kadi ya kutisha, ile ya kukamilisha mfuatano au flashi, kuna uwezekano mkubwa imemfaa mtu kweli. Kwenye Hold'em unaweza kujifanya una kitu kwa sababu mara nyingi hakuna mwenye kitu. Kwenye Omaha mara nyingi yupo mwenye kitu, na kama si wewe, basi ni yule unayemtisha.

Halafu kuna bei. Poti ikiwa 100 nawe ukaweka 100, mtu mmoja akalipa, poti inakuwa 300. Kadi ya nne unaweka 300, analipa, poti ni 900. Kadi ya mwisho unaweka 900. Umetumia 1,300 kugombania kitu kilichoanza kikiwa 100. Kikomo hiki ambacho watu hudhani ni breki kinakua kama deni la shailoki. Na kila mara unapoweka poti nzima ukiwa huna kitu, unahitaji mwenzako atupe kadi zaidi ya nusu ya wakati ndipo upate faida. Ukiweka nusu ya poti, unahitaji zaidi kidogo ya theluthi moja. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Haiulizi una roho gani.

Basi mkwara unapigwa lini? Nitasema ninavyoona, na anayepinga aje na hesabu, asije na hadithi za ujasiri.

Kwanza, angalia kama mwenzako anaweza kutupa kadi. Hili linapuuzwa kuliko yote, na ajabu ni kwamba Kedowa hata mtoto analijua, kwa sababu pale ni nchi ya viazi. Dalali anakuja na lori, anasimama, anamwambia mwenye shamba: "Mama, jana nilikuwa Molo. Huko wanatoa kwa bei ya chini kuliko hii yako. Ukikataa naenda zangu." Labda alikuwa Molo, labda hakuwa. Kama viazi vimeshachimbwa, viko kwenye magunia kando ya barabara na wingu limetanda, mama anashusha bei. Kama viazi bado viko ardhini na karo imeshalipwa, mama anamjibu, "Haya kijana wangu, nenda Molo, safari njema." Maneno ya dalali ni yale yale na sauti ni ile ile. Dalali mwenye akili haanzi kwa kupima roho yake. Anaanza kwa kuangalia magunia.

Mezani magunia ndiyo haya: pesa iliyoko kwenye poti, pesa iliyobaki mbele yenu, na aina ya mtu uliye naye. Poti ikiwa 900 nawe umebakisha 200, hata ukisukuma yote kwa kishindo, mwenzako analipa 200 kupigania 1,100. Akishinda mara moja tu kati ya sita, ana faida. Hatatupa, na yuko sawa. Tishio linahitaji pesa iliyobaki nyuma, kama vile kumwambia mtu "tutaonana kortini" kunavyohitaji aamini una pesa ya wakili.

Kisha kuna yule asiyetupa kamwe. Ni mgeni kwenye mchezo, ameingia na mia mbili za kujiburudisha Jumamosi usiku, ana kadi mbili nzuri na amezipenda. Haangalii mezani. Hajui unadai una nini. Mkwara ni lugha, na huyu hajaisoma. Kumpigia ni kama kumtusi mtu kwa Kifaransa halafu ushangae kwa nini anatabasamu. Dawa yake ni moja: ngoja uwe na kitu, umwekee pesa, atalipa mwenyewe na atakushukuru kwa mchezo. Anayeweza kutishwa ni mchezaji anayefikiri, anayehesabu, anayeweza kutazama mkono mzuri na kusema hapana. Ndiyo, hii inamaanisha kwamba mikwara mingi inayopigwa kwenye meza za bei ya chini inapigiwa watu wasiofaa kabisa.

Idadi nayo ina neno. Tuseme kila mpinzani ana nafasi 70 kati ya 100 za kutupa. Ukiwa na mmoja, mkwara wa poti nzima unalipa. Wakiwa wawili, nafasi ya wote kutupa inashuka hadi 49. Wakiwa watatu, 34. Kumbuka ulihitaji zaidi ya 50. Kwa hiyo kutoka mtu mmoja hadi wawili tayari umevuka kutoka faida hadi hasara, na hakuna kilichobadilika kwenye kadi zako. Anayepiga mkwara mbele ya watu watatu kwenye Omaha anatoa mchango. Amheshimu basi mweka hazina wa harambee, maana huyo angalau huandika jina lake kwenye daftari.

Pili, shika kizuizi. Hapa esi ya kadi zetu inarudi kwa sura nyingine. Tuseme mezani kuna spedi tatu, zile ambazo Pwani wanaziita shupaza. Wewe una esi ya spedi, lakini huna spedi nyingine mkononi. Kumbuka sheria ya kadi mbili: esi hiyo peke yake haikupi flashi, hata spedi ya nne ikianguka mezani. Waliotoka Hold'em wanaumia sana hapa wakidhani wana mkono. Huna mkono. Una habari. Unajua kwa hakika kwamba hakuna mwingine mezani mwenye flashi ya esi, kwa sababu esi unayo wewe. Mwenye mfalme wa spedi na spedi ya pili ana mkono mzuri sana, ila hana hakika hiyo. Ukiweka poti, ukaweka tena kadi ya nne, ukaweka tena kadi ya mwisho, anaanza kujiuliza. Kwenye mchezo ambao kila mtu ana kadi nne, esi yenye mwenzake si kitu adimu. Akiwa mtu wa kufikiri, mara nyingi anatupa.

Lakini hata hapo kuna sharti. Mezani zikitokea kadi mbili zinazofanana, tuseme nane mbili, sasa mtu anaweza kuwa na fulu hausi, na huyo haogopi flashi ya mtu yeyote. Esi yako imeshakuwa kadi ya kawaida. Anayeendelea kusukuma pesa kwa sababu "nishaanza" ameacha kucheza. Anaona aibu tu kurudi nyuma.

Tatu, mkwara mzuri uwe na mlango wa nyuma. Una J, kumi, saba na sita. Mezani ziko tisa, nane na mbili. Bado huna kitu, hata pea huna. Lakini Q, J, kumi, saba, sita au tano yoyote inakukamilishia mfuatano, na zimebaki kadi 20 za namna hiyo kati ya 45 usizoziona. Ukifika hadi kadi ya mwisho, utaipata mojawapo karibu mara saba kati ya kumi. Si kila mfuatano hapo utakuwa wa juu kabisa, na kama kuna kadi za aina moja mezani, flashi inaweza kukupita. Hata hivyo, ukiweka pesa hapo mambo mawili yanaweza kukufaa: mwenzako atupe sasa hivi, au alipe halafu kadi ije. Huo ndio mkwara wa mtu mzima. Ukipiga mkwara ambao hauna tumaini lolote nyuma yake, uwe na sababu nzuri sana.

Nne, hadithi ianze mapema. Mkwara ni madai kwamba una mkono fulani. Mwenye mkono huo angefanya nini tangu mwanzo? Kama ulipitisha kadi tatu za kwanza, ukalipa kwa unyonge kadi ya nne, halafu ikaja mbili isiyo na maana nawe ukaruka na poti nzima, mwenzako atajiuliza mbili hiyo imekupa nini. Haijakupa kitu, na anaona. Ndiyo maana kukaa mwisho, yaani kusema baada ya wenzako kusema, ni nusu ya kazi: unasikia hadithi yao kabla ya kutoa yako. Anayepiga mkwara akiwa wa kwanza kusema, bila kujua wengine watafanya nini, ni kama shahidi anayetoa ushahidi kabla ya kuulizwa swali.

Najua kuna msee atanitajia Moneymaker. Wote hutaja Moneymaker. Mwaka 2003, fainali ya mashindano makuu ya dunia, Las Vegas. Chris Moneymaker, mhasibu aliyepata nafasi yake kupitia mchezo wa bei ndogo wa intaneti, amebaki na Sam Farha, mchezaji wa kulipwa. Mezani kuna tisa, mbili, sita, nane, tatu. Moneymaker hana kitu. Anasukuma pesa yote. Farha ana pea ya tisa, ndiyo inayoongoza. Anafikiria, anafikiria, anatupa. Moneymaker akaishia kuwa bingwa na dola milioni 2.5, na nusu ya dunia ikaamua kwamba poka ni roho.

Rudi uitazame video ile ukiwa na maswali manne. Je, mwenzake angeweza kutupa? Ndiyo, alikuwa mtu mmoja, mzoefu, anayefikiri, mwenye mkono wa wastani. Je, kulikuwa na kizuizi? Tisa, sita na nane za mezani zilikuwa spedi, na Moneymaker alikuwa na mfalme wa spedi. Je, kulikuwa na mlango wa nyuma? Kufika kadi ya nne alikuwa anangoja flashi na mfuatano kwa pamoja, kwa sababu kadi yake ya pili ilikuwa saba. Je, hadithi ilianza mapema? Alipandisha pesa kwenye kadi ile ya nne, kabla ya kusukuma yote kwenye ya mwisho, kama vile mwenye flashi angefanya. Roho alikuwa nayo, sikatai. Lakini ukiondoa hayo manne ukabaki na roho peke yake, unabaki na jamaa anayetoa dola zake bure mbele ya kamera. Na huo ulikuwa Hold'em, kadi mbili kwa kila mtu. Ukihamisha picha ile kwenye Omaha bila kubadilisha kitu, umeishusha nafasi ya kufaulu kabla hujagusa pesa.

Kama unadhani haya yanaishia mezani, shuka barabara. Kutoka Kedowa ukiteremka kupita Chepseon hadi Brooke, viazi vinapungua na chai inafunika vilima. Julai 2021 serikali iliweka sharti kwamba chai ya viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA isiuzwe kwenye mnada wa Mombasa chini ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilisemwa kuwa njema, mkulima apate zaidi. Sasa itazame kama mkono wa kadi. Sharti la bei ni kumwambia mnunuzi: lipa hii au ondoka bila chai. Je, mnunuzi angeweza kuondoka? Mnada ule ule unauza chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine. Alikuwa na pa kwenda, na hatukuwa na kizuizi. Tena mikono yetu haikulingana. Chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko ya Kericho na Bomet, lakini tishio lilikuwa moja kwa wote. Chai yenye nguvu ikapata wanunuzi. Nyingi ya kwetu ikarudi stoo ikalala, na chai ikilala sana bei yake inaanguka. Baadaye sharti lenyewe likaondolewa.

Nimeleta chai kwa sababu inaonyesha kitu ambacho video za poka hazionyeshi. Waliotoa tishio hawakulilipia. Hakuna afisa aliyekatwa mshahara kwa kila kilo iliyolala Mombasa. Aliyelipa ni mama wa Litein na mzee wa Kapkatet, ambao hawakuulizwa kama wanataka kuingia kwenye mchezo. Kupiga mkwara kwa pesa ya mtu mwingine ni rahisi sana. Ndiyo maana unaonekana kama ujasiri.

Sasa nijibu hoja moja ya maana, maana ipo. Mchezaji asiyewahi kupiga mkwara naye ni mtu wa kuliwa, polepole. Akiweka pesa wote wanajua ana kitu, wanatupa, anashinda vijisenti. Hilo ni kweli kabisa na silipingi. Mkwara lazima uwepo. Lakini hata hapo hesabu inasema kiasi. Ukiweka poti nzima kwenye kadi ya mwisho, mwenzako analipa moja kupata mbili. Ili asijue la kufanya, inatosha mkwara mmoja kwa kila mikono miwili ya kweli. Mmoja kwa miwili! Yaani hata yule mchezaji kamili wa kwenye vitabu, anayecheza kama mashine, akiweka poti nzima mwishoni yuko na kitu mara mbili kati ya tatu. Linganisha na jamaa wa grupu lako. Yeye ana mikwara miwili kwa kila mkono wa kweli, halafu anashangaa kwa nini analipwa. Analipwa kwa sababu wenzake wanaweza kuhesabu.

Na hiyo mmoja kwa miwili ni ya meza yenye watu wanaofikiri. Ukikaa na wasiotupa, ipunguze ikaribie sufuri. Utaambiwa mchezo wako umepoa. Kubali. Pesa ya mchezo uliopoa ina thamani ile ile dukani.

Ninayemlaumu zaidi si kijana wa boda. Namlaumu yule anayemuuzia ile hadithi: mwenye chaneli anayekata video za mikwara iliyopita na kuweka muziki wa vita, na yule msee wa grupu anayeandika "roho juu" mwenzake anapoomba ushauri. Anayekaa mezani akingoja kulipwa anafurahi sana ukiamini kwamba kutupa kadi ni woga. Kila mchezaji mzuri anakutakia imani hiyo. Yeye mwenyewe anatupa mikono mingi kuliko anayoicheza, kimya, bila picha, na mwisho wa mwezi ndiye anayetoa pesa kwenye akaunti badala ya kuweka.

Kwa hiyo ukiwa na simu mkononi saa tano usiku na kidole kiko juu ya kitufe, jiulize haraka. Huyu anaweza kutupa? Ninashika kadi gani inayomzuia? Nikilipwa, nina mlango wa nyuma? Nilichofanya tangu kadi tatu za kwanza kinafanana na mkono ninaodai? Ukikosa jibu la mawili, tupa kadi, mkono mwingine unakuja baada ya dakika moja.

Kisha jiulize la tano, ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha Omaha: hii pesa ni ya nani? Kama ni bonasi ya chai ya mama, au ni karo ya mdogo wako uliyotumiwa uilipe kesho asubuhi, wewe si mchezaji, wewe ni lile sharti la dola 2.43. Unatishia watu kwa kitu ambacho atakilipia mwingine. Hapo hakuna hesabu ya poti wala kizuizi cha kukusaidia. Zima simu, na asubuhi ukalipe karo.